Wamarekani wa kikapu Ulaya: kazi ile ile, sheria zingine

Habari za jioni jamani, asanteni kwa kuja, naona mpaka wazazi wamejaa huku nyuma na hiyo imenifurahisha sana kwa sababu haya mambo yanawahusu wazazi kuliko hata vijana. Nimeombwa niongee kuhusu wachezaji wa Marekani wanaoacha kwao na kwenda kucheza ligi za Ulaya. Nianze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana kishabiki.

NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za mkataba kamili, juu yake nafasi 3 za ile mikataba ya kupanda na kushuka, leo uko timu kubwa kesho umerudishwa ligi ndogo ya maendeleo. Jumla watu 540, dunia nzima, na humo ndani kuna akina Jokić, Dončić, Giannis, yaani sio Wamarekani peke yao. Sasa nenda vyuoni, vyuo vya daraja la kwanza kule viko zaidi ya 350 na kila kimoja kina wachezaji kama 13 hivi, piga mwenyewe, unapata zaidi ya watu elfu nne na nusu kwa wakati mmoja. Drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, inachukua watu 60, kuna miaka hata 60 hawafiki. Kwa hiyo kila mwaka kuna mamia ya vijana wanaojua mpira kwelikweli, wamelelewa na makocha wazuri, wana miaka 22 au 23, na mlango umefungwa. Wengi wao wanapanda ndege.

Halafu huku kwetu mtu akiona jina la Mmarekani kwenye timu ya Ugiriki au Uturuki anasema huyo kafeli NBA. Mi hilo neno silikubali, na nitawaambia kwa nini.

Chukueni Kyle Hines. Kamaliza chuo cha UNC Greensboro 2008, urefu mita 1.98 tu na anacheza senta, NBA hakuna aliyemtaka, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi ile. Akaenda Veroli, Italia, daraja la pili, mji ambao wengi hapa hamjawahi kuusikia. Toka hapo Bamberg Ujerumani, toka hapo Olympiacos. Akachukua EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, 2012, akachukua 2013, akahamia CSKA Moscow akachukua 2016 na 2019. Mara nne bingwa wa Ulaya! Anakaba watu wanaomzidi kichwa kizima, na kaheshimiwa mpaka kastaafu 2024. Huyo kafeli nini jamani?

Au Mike James. Hakuchaguliwa kwenye drafti, kaanzia timu za kawaida kabisa, Zagreb, Omegna kule kaskazini mwa Italia, kisiwa cha Rhodes kwa Wagiriki, anahama na mabegi yake kila msimu. Leo ndiye anayeongoza kwa pointi kwenye historia ya EuroLeague, kampita Mgiriki Spanoulis msimu wa 2023-24, na msimu huo huo kachaguliwa MVP, yaani mchezaji bora, akiwa na Monaco. NBA kaenda, Phoenix, baadaye Brooklyn, na karudi Ulaya kwa sababu huko ndiko anakopewa mpira mkononi na kuambiwa timu ni yako.

Na msidhani hii ni ya juzi. Bill Bradley mwaka 1966 alikuwa mwanafunzi Oxford, anapanda ndege kwenda kuichezea Milano kwenye Kombe la Ulaya, ndio EuroLeague ya enzi hizo, wakalibeba, kisha ndio akaenda Knicks ya NBA na baadaye akawa seneta. Miaka 20 mbele, Milano hao hao wakamleta Bob McAdoo. Huyu alikuwa MVP wa NBA mwaka 1975, mfungaji bora mara tatu, bingwa mara mbili na Lakers. Kafika Italia 1986 ana miaka 35, watu wakasema amekuja kula pensheni. Akachukua Kombe la Ulaya 1987, akalichukua tena 1988. Ukiangalia picha za mechi zile unamuona mzee anarukia chini kugombania mpira, mtu ambaye hana cha kumthibitishia mtu yeyote. Mi McAdoo nampenda sana kwa hilo.

Dominique Wilkins naye, kaenda Panathinaikos 1995, All-Star mara tisa, yaani kachaguliwa mechi ya nyota wa NBA, mtu wa madunki ya kutisha, na mkataba wake ulikuwa wa mamilioni ya dola. Kule akakutana na kocha Maljković. Huyu mzee hakujali we ni nani, anataka ukabe, anataka mchezo wa taratibu, anataka uje mazoezini kwa saa. Waligombana, hilo linajulikana. Lakini Aprili 1996 jijini Paris wakaifunga Barcelona 67 kwa 66, Panathinaikos ikapata ubingwa wake wa kwanza wa Ulaya na Wilkins ndiye MVP wa Final Four, yaani nusu fainali na fainali. Miaka miwili mbele yuko Bologna na Fortitudo, fainali ya Italia 1998, mechi ya tano dhidi ya majirani zao Virtus, Fortitudo wako mbele kwa pointi nne mpira unakaribia kuisha, Danilović wa Virtus anarusha ya pointi tatu, Wilkins anamgusa, filimbi, mpira umeingia na faulo juu yake, pointi nne, sare, na Virtus wakashinda muda wa nyongeza. Mpaka leo Bologna wanaiongelea. Yaani mchezaji mwenye jina kama lile, na mji mzima unamkumbuka kwa faulo moja. Ndio uzito wa mechi za kule, kila mechi inahesabika.

Hapa nikae kidogo maana ndipo wengi wanapoteleza. Mechi ya NBA ni dakika 48, Ulaya ni 40. Pointi tatu NBA unarushia mita 7.24 katikati, kule 6.75. Faulo sita NBA, kule tano unatoka. Hayo madogo. Kubwa ni hili: NBA beki haruhusiwi kusimama ndani ya eneo la rangi, pale chini ya kikapu, zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu, kwenye sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinazotumika Ulaya, anaruhusiwa kukaa hapo mpaka achoke. Maana yake yule kijana aliyezoea kumpita mtu wake mmoja na kupaa, anampita huyo mmoja vizuri tu halafu anakuta senta wa mita 2.15 kasimama anamsubiri na mwingine pembeni, nafasi hakuna. Inabidi ujue kutoa pasi sekunde moja kabla. Ukibisha unapoteza mpira, ukipoteza mara tatu kocha anakukalisha na hakuombi radhi.

Mazoezi yenyewe ni mara mbili kwa siku sehemu nyingi, hasa kabla ya msimu. Na ligi nyingi kule zina kushuka daraja, kitu ambacho Mmarekani hajawahi kukiona maishani mwake. Timu ikipoteza mechi nne mfululizo, mashabiki wanazomea, rais wa klabu anaingia chumba cha kubadilishia nguo, na wa kwanza kufungishwa mabegi ni mchezaji wa kigeni, kwa sababu yeye ndiye aliyenunuliwa ili aokoe. Unatolewa Novemba, mwenzako analetwa Desemba. Ndio kazi ya mchezaji wa kulipwa wa kigeni, na mtu asikudanganye kwamba kule ni kwenda kutalii.

Brandon Jennings mnamkumbuka? Kijana wa miaka 18, mwaka 2008 karuka chuo kikuu akaenda Roma, kwa sababu NBA haimchukui kijana wa Marekani mpaka upite mwaka toka amalize sekondari. Nyumbani alikuwa bora kuliko wote wa umri wake. Roma akakaa benchi muda mwingi, wastani wake haukufika hata pointi 10. Watu wakasema kaharibu maisha. Drafti ya 2009, ile ile ambayo Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa wa pili na Memphis, Jennings akachukuliwa wa kumi na Milwaukee, na Novemba mwaka huo huo akawapiga Golden State pointi 55. Zile nyakati za benchi alikuwa anafanya mazoezi kila siku na watu wazima wenye watoto na mikopo ya nyumba, wanaokukaba kama unataka kuwanyang'anya ugali. Ilimkomaza.

Sasa hela, najua mnaisubiri. Ulaya mkataba kwa kawaida unaandikwa kwa hela inayoingia mfukoni, kodi ni ya klabu, halafu unapewa nyumba, gari, tiketi za ndege za familia. Kwa hiyo ukiona mtu analipwa milioni moja kule usilinganishe na milioni moja ya Marekani ambayo nusu yake inaondoka na kodi na makato mengine. Josh Childress mwaka 2008 alikuwa Atlanta Hawks, mkataba umeisha lakini kwa sheria za NBA Atlanta walikuwa na haki ya kubaki naye wakilipa sawa na ofa yoyote atakayoletewa, hivyo timu zingine zikaona wanapoteza muda, hazikuja na chochote cha maana. Olympiacos wakaja na miaka mitatu, dola milioni 20 hivi baada ya kodi. Akaondoka, kijana wa miaka 25, mzima kabisa, hajashuka kiwango. Pale wakurugenzi wa NBA walishtuka kweli, kwa sababu mchezaji alionyesha kuwa ana mlango wa pili. Na 2011 ligi ilipofungwa kwa mgogoro wa mikataba, Deron Williams, All-Star, alikuwa Istanbul na Beşiktaş, klabu ikastaafisha mpaka namba yake ya jezi.

Ila kuna upande mchungu, na wazazi sikilizeni hapa. Klabu nyingi kule zinaishi kwa tajiri mmoja au mdhamini mmoja. Akichoka, mishahara inachelewa mwezi, miezi miwili, mitatu. FIBA mwaka 2007 ikaanzisha mahakama ya usuluhishi kule Geneva kwa ajili ya kesi hizi hizi za mikataba, na klabu ikishindwa kesi ikagoma kulipa inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Lakini kipengele cha kupeleka kesi huko lazima kiwe kimeandikwa kwenye mkataba wako! Bila hicho unabaki kuhangaika na mahakama ya nchi ambayo lugha yake huijui. Kwa hiyo mtu akikuletea mtoto wako karatasi asaini, swali la kwanza kabla ya mshahara ni hilo, kesi inakwenda wapi tukikosana.

Na pasipoti. EuroLeague yenyewe haijali uraia, ila ligi za nchi zinajali sana. Ujerumani kwenye kikosi cha watu 12 wageni mwisho sita. Hispania wasio wa Ulaya ni wawili. Lakini ule mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki ukafungua njia, mwenye pasipoti ya nchi hizo hahesabiwi kwenye zile nafasi mbili. Ndio maana unaona Mmarekani ana uraia wa nchi ya Afrika. Brandon Davies aliyecheza Žalgiris, Barcelona na Milano ana pasipoti ya Uganda. Ishmail Wainright, mzaliwa wa Kansas City, kacheza Vechta Ujerumani na Strasbourg Ufaransa, mwaka 2021 kavaa jezi ya Uganda kwenye AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Kigali, wakawatoa Nigeria wakaingia robo fainali, na kabla mwaka haujaisha yuko Phoenix Suns. Wengine wanalalamika kuhusu hizi pasipoti, mi naona yule aliyekuja Kigali akajitupa chini kwa ajili ya Uganda kalipa deni lake. Na nyie mliozaliwa na pasipoti hizo mnazo tayari, mtu mwingine analipa wanasheria kuipata.

Siwezi kuondoka bila kuwataja kina dada. Kwao Ulaya ilikuwa ndio mshahara wenyewe, sio mlango wa pili. Diana Taurasi mwaka 2015 alilipwa na klabu yake ya Ekaterinburg, Urusi, ili asicheze kabisa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, kiangazi kile apumzike, kwa sababu kule Urusi alipata kama dola milioni moja na nusu na nyumbani kima cha juu kilikuwa kama dola laki moja na ushee. Mchezaji bora wa Marekani! Brittney Griner naye alikuwa anarudi klabu hiyo hiyo Februari 2022 alipokamatwa uwanja wa ndege Moscow, akahukumiwa miaka tisa, akatoka Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Hakuwa mtalii, alikuwa anakwenda kazini, na alikwenda mbali vile kwa sababu ligi ya kwao ilikuwa inamlipa kidogo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa hivi mambo yanageuka tena. Toka 2021 wanafunzi wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kupata hela kwa majina yao, na toka Julai 2025 vyuo vyenyewe vinalipa moja kwa moja, mwaka wa kwanza kila chuo mpaka dola milioni 20 na nusu kwa michezo yote. Kijana wa Kihispania au Kiserbia wa miaka 19 aliyelelewa na klabu yake toka mdogo anapigiwa simu na chuo cha Marekani, anaondoka, na klabu mara nyingi haipati kitu. Wakati huo huo Kendrick Nunn, aliyekuwa Miami na Lakers, yuko Athens na Panathinaikos, kachukua EuroLeague 2024 na MVP 2025. Dubai imeingizwa EuroLeague msimu wa 2025-26, ligi sasa ina timu 20 na mechi 38 kabla ya mtoano. NBA na FIBA nao wametangaza Machi 2025 kwamba wanaangalia kuanzisha ligi yao huko huko Ulaya. Klabu zinazolea watoto zimekaa katikati ya haya yote na zinauliza nani atawalipa kwa kazi ya miaka kumi, na mpaka sasa jibu hawajapewa.

Haya, mikono naiona imeanza kupanda, tuanze na yule mama pale nyuma.