Andalio la Penseli

Walimu wenzangu, nitaanza na bomba linalovuja, maana limenifundisha kazi ya kufundisha kwa miradi kuliko semina nyingi nilizokaa.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi mradi: bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maji kiasi gani kwa siku? Nilijiandaa, tena kupita kiasi. Andalio la kurasa 11, kila kundi na jedwali lake, na jibu nimeshalikokotoa: matone 86,400, ukichukua matone 20 kuwa mililita moja, unapata lita 4.32. Siku ya pili binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani kasema matone yote yanalingana?" Nikamwambia arudi kwenye jedwali. Akarudi. Wote wakajaza majedwali yao vizuri, na mradi ukafa palepale, ingawa tulichukua wiki mbili zaidi kuuzika.

Muhula uliofuata nikarukia upande wa pili. Wachague wenyewe, nikasema, nikaingia darasani mikono mitupu. Sitawachosha na habari za wiki ile. Kundi moja lilimaliza vipindi vitatu likibishania jina la kundi.

William Heard Kilpatrick, mwanaelimu wa Marekani aliyeieneza njia hii ya miradi kwa makala yake ya 1918, alitaja hatua nne: kukusudia, kupanga, kutenda na kutathmini. Alitaka mwanafunzi ndiye azipitie. Wengi wetu tukisikia hivyo hudhani mwalimu kapewa likizo. John Dewey, aliyemfundisha Kilpatrick, mwaka 1938 aliandika kwamba mpango wa mwalimu unyumbulike kiasi cha kumpa kila mmoja nafasi yake, lakini uwe imara kiasi cha kuonyesha njia. Rahisi kusema!

Siku hizi najiandaa zaidi kuliko zamani, ila kwa mambo mengine. Kwanza naufanya mradi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nagundua kwamba silinda kubwa ya kupimia haifai kwa matone 20, na kwamba kuhesabu matone dakika kumi mfululizo hutia usingizi. Nikishajua mradi unakwama wapi, hofu hunitoka. Kisha naandaa vifaa, swali la kuanzia, na siku tatu za kusimama tuonyeshane kazi ambazo hazijakamilika. Hayo naandika kwa wino. Ya katikati yote ni penseli.

Na kutulia nako kunataka mazoezi. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, aliona kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka. Nilijipima kwa saa. Sekunde tatu ni ndefu, jamani, ulimi unawasha! Nilipokuwa sijajiandaa sikuziweza kabisa, kwa sababu kila darasa liliponyamaza nilidhani limegundua kwamba sina kitu.

Mwaka jana bomba likarudi. Safari hii nilimngoja yule binti, yaani mwenye swali kama lake, nikaweka kabatini pipeti mbili zenye midomo tofauti, moja ya tone dogo, nyingine ya tone kubwa. Hakuna aliyeuliza. Wao walitaka kujua kwa nini bomba linadondosha haraka alfajiri kuliko mchana, watu wanapochota kwa wingi. Tukaacha matone, tukahamia kwenye presha ya maji. Pipeti bado ziko kabatini.