Kati ya Kutaka na Kuanza

Mabibi na mabwana, mfikirieni mwanamke aliyeamua kupumzika kuzaa, akaenda kituo cha afya kuomba njia ya uzazi wa mpango. Ameomba ruhusa kazini, amepanga foleni, zamu yake imefika. Anaulizwa, "Uko kwenye siku zako?" Hayuko. Basi anaambiwa arudi akiwa hedhini. Safari nyingine akionekana pale, anakuja kliniki ya wajawazito.

Huyo hakukosa elimu. Nia alikuwa nayo, akaja nayo mpaka mezani. Nasi, takwimu za wanaotumia uzazi wa mpango zikishuka, tunachapisha mabango ya kuhamasisha! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu njia karibu zote za uzazi wa mpango zianzwe siku yoyote, mradi mtoa huduma awe na uhakika wa kutosha kwamba mteja hana mimba. Kuna orodha ya maswali sita tu ya kumpa uhakika huo. Wanasayansi wa tabia wana kazi moja wanayoifanya vizuri: kutafuta visiki vidogo kama hivi vinavyomkwaza mtu njiani.

Lakini kuanza ni nusu ya habari. Binadamu huona cha leo kikubwa na cha mwakani kidogo. Mimba ni ya mwakani. Matone ya damu baada ya sindano ya kuzuia mimba ni ya leo, tena yanatisha. Ndiyo maana utafiti mmoja wa China, uliochapishwa 1996, naupenda sana. Wanawake walioelezwa kwa kina, kabla ya sindano, kwamba hedhi itavurugika na huenda ikakoma kabisa, waliacha 11 tu kati ya 100 ndani ya mwaka. Walioelezwa juu juu waliacha 42. Dawa ni ile ile. Wengi wetu huficha maudhi tukihofia mteja atakimbia, kumbe anayekimbia ni yule aliyeshtukizwa.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Maarifa haya haya yanaweza kumsukuma mtu pasipo hiari yake. Kliniki ikipimwa kwa idadi ya vipandikizi ilivyoweka, yaani vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, mama akija kuomba kitolewe ataambiwa avumilie kidogo, arudi mwezi ujao. Ni kisiki kile kile, safari hii tumekiweka kwa makusudi. Mimi nikikagua kituo, daftari la kwanza ninaloomba ni la waliotolewa vipandikizi: nani aliomba lini, na alitolewa lini.