Kuisoma Mijongeo ya Mtoto Njiti

Wapendwa wasikilizaji, mfikirieni mtoto mchanga aliyelala chali, yu macho, ametulia, wala hapana anayemchezesha. Mikono na miguu yake inajongea yenyewe. Wengi wetu tungesema anajinyoosha tu. Mimi nawaomba tumtazame kwa makini, kwa sababu mijongeo hiyo ni habari inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo wake.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki ya 32 ya mimba huja duniani wakati ubongo wake ungali unajengwa. Kandokando ya vyumba vyenye maji ndani ya ubongo kuna tishu inayozalisha seli changa, yenye mishipa ya damu iliyo laini mno, ambayo hupasuka kwa urahisi pindi msukumo wa damu unapobadilika ghafla, na mara nyingi damu hiyo huvuja katika siku 3 za kwanza. Jeraha jingine huja kimyakimya zaidi: upungufu wa damu na oksijeni, au maambukizi, huziharibu seli ambazo zingezivika nyuzi za neva utando wake wa mafuta. Nyuzi zinazopeleka amri miguuni ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba vile, na ndiyo maana kwa njiti wengi miguu huathirika kuliko mikono.

Altrasaundi inayopigwa kupitia utosi huionyesha damu vizuri, lakini majeraha madogo yaliyotawanyika huweza kuiponyoka. Hapa ndipo ninapoithamini sana kazi ya daktari Heinz Prechtl na wenzake, ambao mwaka 1997 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 130. Walitazama mijongeo midogo midogo ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu, inayoelekea kila upande, ambayo huonekana kati ya wiki ya 9 na ya 20 hivi, zikihesabiwa tangu tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Wazazi wengi hukosea hesabu hii na kujitia hofu bure. Kati ya watoto 70 waliokuwa na mijongeo ya kawaida, 67 walikua bila kasoro. Kati ya 60 ambao kwao haikuwapo au haikuwa ya kawaida, 57 walipata matatizo ya neva, wengi wao utindio wa ubongo, yaani ulemavu wa kujongea unaotokana na jeraha la ubongo.

Nasema hivi bila kusahau wale watatu wa kila upande: mijongeo si hukumu. Hata hivyo, kumngojea mtoto ashindwe kukaa ndipo apelekwe kwa mtaalamu ni kuipoteza miezi ambayo ubongo wake ungali mwepesi kujipanga upya. Kinachohitajika ni video ya dakika 3 hadi 5, mikono na miguu ikionekana wazi, na mtoto asiwe analia wala ananyonya, kisha itazamwe na mtu aliyefunzwa kuisoma.