Panorama Inapomaliza Diski

Habari za asubuhi, karibuni. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Usiku mmoja niliiachia kompyuta picha 40 iziunganishe ziwe panorama, yaani picha moja pana, nikaenda kulala. Alfajiri nakuta ujumbe kwenye kioo: nafasi imekwisha. Kuangalia diski, ina gigabaiti 300 hazijaguswa. Nafasi gani basi iliyokwisha? Shikeni swali hilo, kwanza tupige hesabu.

Wengi wetu tunaupima mzigo kwa kutazama folda. JPEG 40, megabaiti 10 kila moja, jumla 400; kitu gani hicho? Lakini JPEG ni picha iliyobanwa, na programu haiwezi kuifanyia kazi mpaka iibanue. Tena kinachohesabika si picha mlizopiga, ni turubai ya panorama yenyewe, yaani eneo lote la picha itakayotoka. Chukueni turubai ya pikseli 40,000 kwa 20,000. Hizo ni pikseli milioni 800. Kila pikseli ina namba ya nyekundu, ya kijani, ya bluu, na ya nne inayosema hapa pana picha au patupu. Kwa biti 16, kila namba ni baiti 2, pikseli nzima baiti 8. Zidisheni: gigabaiti 6.4. Na hilo ni tabaka moja.

Kabla ya kuchanganywa, kila picha hupindwa ifuate umbo la panorama, kisha huandikwa kwenye faili yake ya muda. Ikiandikwa kwa ukubwa wa turubai nzima, 40 mara 6.4 ni gigabaiti 256, sehemu kubwa ikiwa utupu tu. Ikiandikwa kipande chake peke yake, na alama ya mahali kinapokaa, picha ya megapikseli 24 itachukua karibu megabaiti 200. Zote 40, gigabaiti 8 hivi. (Za juu kabisa na za chini kabisa huzidi, maana huvutwa kwa upana.) Kutoka 256 hadi 8, kwa chaguo moja la mipangilio! Wanaotumia Hugin, programu ya kuunganisha picha, kazi hiyo hufanywa na programu yake ndogo iitwayo nona, na nona inajua kukata. Hakikisheni tu hamjaizuia.

Kuhusu memori, yaani RAM, nina ushauri mmoja, na wapo watakaonibishia: msiipe programu memori yote. Mashine ina gigabaiti 16, mtu anaiandikia programu itumie 16. Mfumo nao unahitaji pa kupumulia, kwa hiyo unaanza kuhamishia diskini vitu vile vile ambavyo programu inadhani viko memorini. Hapo ndipo mnasikia diski inakwaruza na mshale wa kipanya umeganda. Ipeni 10 au 11, kinachozidi ikipeleke yenyewe kwenye faili za muda, kwa utaratibu wake.

Sasa ile aibu. Kwenye Linux, faili za muda kwa kawaida hupelekwa kwenye folda ya /tmp. Katika mashine yangu /tmp haikuwa diskini. Ilikuwa tmpfs, yaani kipande cha memori kilichovishwa sura ya folda, na ukubwa wake wa kawaida ni nusu ya memori yote. Kwangu, gigabaiti 8. Programu ilikuwa ikitua mzigo begani na kuuweka kichwani, mwili ni ule ule! Andikeni df -h /tmp kwenye terminali muone yenu ikoje. Mkikuta tmpfs, elekezeni TMPDIR, kigezo kinachoiambia programu iweke wapi faili za muda, kwenye folda iliyo diskini kweli, ikiwezekana SSD, kabla ya kuanzisha kazi.

La mwisho ni faili linalotoka. JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande. TIFF ya kawaida hukomea gigabaiti 4, kwa hiyo turubai yetu ya 6.4 bila kubanwa inataka BigTIFF, aina ya TIFF isiyo na kikomo hicho. Na ukiinakili kwenye flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 itakataa, hata kama flashi yenyewe ina gigabaiti 100 wazi, kwa sababu FAT32 nayo haipokei faili moja la kufika gigabaiti 4.