Kioo Kinachotii Umeme: Taa za Gari na Macho ya Anayekuja Mbele

Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi wa umeme wa magari, mafundi wa gereji na madereva, Kigoma mjini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, madereva mlioacha magari stendi mkaja kunisikiliza, na ninyi vijana wa ufundi, habari za jioni.

Nianze na ziwa. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Ujiji ukatazama Tanganyika, unaona mji mwingine umewashwa juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa. Wengi wenu mmekulia kwenye mitumbwi hiyo, na mnajua kwamba mvuvi hawashi taa ili aangaze mbingu. Enzi za karabai taa ilivishwa kofia ya bati, mwanga ushuke majini, dagaa wapande. Mwanga uliomwingia machoni mwenzake wa mtumbwi wa pili ulikuwa mafuta ya taa yaliyoungua bure. Mvuvi amelijua hilo miaka yote. Sisi wa magari bado tunaamini kwamba taa nzuri ni taa kali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa narudi kutoka Kasulu, saa mbili usiku imepita. Lori likaja mbele yangu limewasha fulu, taa kali za mwanga mrefu. Nikampigia taa mara mbili kumwomba ashushe; hakushusha. Tulipopishana sikuona lami, sikuona ukingo, sikuona hata boneti yangu mwenyewe. Macho yaliporudi, mbele yangu kulikuwa na mzee anakokota baiskeli yenye madumu mawili ya mawese. Nikakata usukani nikaishia mtaroni. Mzee aliiachia baiskeli akaruka pembeni, salama, ila dumu moja likapasuka. Tulikaa pale wote wawili kimya, mawese yanatiririka barabarani, mekundu kabisa kwenye taa zangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese mabichi mkono wangu hutafuta swichi ya dimu, ile ya kushusha taa.

Pigeni hesabu pamoja nami. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Jicho lililopigwa na fulu huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake, na la mtu mwenye umri kama wangu huhitaji zaidi. Zikiwa sekunde tano, umekwenda mita 110, goli hadi goli, ukiwa kipofu na mguu uko kwenye mafuta.

Sasa shikeni balbu hii, ipitisheni nyuma. Ni H4, ile ya kawaida ya halojeni. Itazameni karibu: ndani kuna nyuzi mbili zilizojikunja kama springi, na chini ya uzi mmoja kuna kikombe kidogo cha chuma, hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Kikombe hicho ndicho dimu. Kinazuia mwanga usiifikie nusu ya chini ya kiakisi, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, maana mwanga unaogonga nusu hiyo ndio unaoruka juu kwenda kwenye macho ya anayekuja. Uzi wa pili hauna kikombe. Huo ndio fulu. Kila kitu hapa kimepimwa: uzi ukisogea milimita moja tu, mstari wa mwanga unavurugika.

Ndiyo maana naumia nikiona kijana anang'oa balbu hii na kuchomeka balbu ya LED ya bei poa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Chipu zake hazikai pale uzi ulipokaa, wala hazina umbo la uzi. Mwanga ni mwingi, dereva anafurahi, na mstari wa dimu umekufa. Anayelipa furaha hiyo ni mwenye bodaboda anayekuja upande wa pili.

Sisi wa Kigoma tuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Dodoma hawalifikirii. Tunapakana na Burundi, na kule wanaendesha kulia. Taa ya dimu haimwagi mwanga sawasawa pande zote: upande wa ukingo wa barabara inainuka kidogo ili uone watembea kwa miguu, upande wa katikati inabaki chini. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia inainuka kulia. Ikivuka Manyovu na kuingia kwetu, ule upande ulioinuka unawatazama wanaokuja. Yetu ikienda kwao inafanya vivyo hivyo. Dereva hana kosa na dimu ameshusha, lakini mwenzake hamwoni mtu.

Kumbe basi tatizo ni lile la mvuvi: kuupeleka mwanga unapotakiwa na kuunyima pasipotakiwa. Tofauti ni kwamba kofia ya karabai haibadiliki, na barabarani mahali pasipotakiwa mwanga panahama kila sekunde. Tunahitaji kofia inayohama. Hapo ndipo ninapoingia kwenye kiini cha mazungumzo ya leo: vitu vinavyopitisha mwanga au kuuzuia kwa amri ya umeme, bila bati wala mota.

Habari hii inaanza kwenye dawa ya malaria. Mwaka 1852, Bristol, Uingereza, daktari William Herapath alieleza fuwele za kijani zilizotokea pale iodini ilipodondoshwa kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini. Alipozitazama kwa hadubini aliona jambo la ajabu: fuwele mbili zikilaliana upande mmoja zinapitisha mwanga, zikikingamana pale zilipolaliana panakuwa peusi. Kwinini hiyo hiyo iliyowachungulisha kaburi na kuwarudisha babu zetu wengi.

Miaka karibu themanini baadaye kijana wa Kimarekani, Edwin Land, akazichukua fuwele hizo, akazisaga hadi zikawa ndogo mno, akazipanga zote zielekee upande mmoja ndani ya karatasi ya plastiki. Hati ya ubunifu aliiomba mwaka 1929. Watu wanamjua kwa kamera za Polaroid na miwani ya jua, lakini kilichomsukuma tangu mwanzo kilikuwa mng'ao wa taa za magari. Mimi ninamheshimu sana kwa hilo.

Zimeni taa niwaonyeshe. Vipande hivi viwili nimevibandua kwenye skrini ya kalkuleta iliyokufa. Nakiweka kimoja juu ya kingine mbele ya tochi ya simu: mwanga unapita, umefifia kidogo. Sasa nakizungusha cha juu taratibu... taratibu... robo mzunguko. Tochi imezimika! Simu bado inawaka, ukitaka njoo ushike. Fikirieni uzio wa matete yaliyosimama. Panga ukilishika wima linapenya kati ya matete, ukililaza linagonga. Mwanga ni wimbi linalotikisika pande zote. Karatasi ya kwanza inaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu, ya pili ikikingama inaukataa huo uliobaki.

Land alitaka kila gari livalishwe karatasi hii kwenye taa na mbele ya macho ya dereva, zote zimeinama nyuzi 45 upande uleule. Mkikutana uso kwa uso, mwinamo wako na wa mwenzako unakingamana. Taa zake unaziona hafifu kabisa, na taa zako mwenyewe zinakuangazia njia kama kawaida. Wazo zuri kuliko mengi niliyowahi kukutana nayo. Lilikwama kwa sababu karatasi inakula zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo taa zingepaswa kuongezwa nguvu, na kwa sababu lingefaa tu kama magari yote yangebadilishwa pamoja. Wa kwanza kununua asingepata faida yoyote.

Kalkuleta hii nyingine ni nzima. Nikiweka kipande kimoja juu ya skrini na kukizungusha, tarakimu zinapotea na kurudi. Kwa hiyo ndani ya kalkuleta ya dukani kuna karatasi za Land, mbili, zimekingamana. Kwa nini basi skrini haiko nyeusi yote? Kwa sababu katikati yake kuna fuwele kimiminika.

Kitu hiki kiligunduliwa na mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mjini Prague mwaka 1888. Alikuwa na kemikali aliyoitoa kwenye kolesteroli ya karoti. Ilipofika nyuzijoto 145.5 iliyeyuka ikawa majimaji yenye ukungu. Akaendelea kuipasha, ilipofika 178.5 ikawa maangavu kama maji. Kuyeyuka mara mbili! Ile hali ya katikati ndiyo tunayoizungumzia. Inatiririka, lakini molekuli zake ndefu kama vijiti zinapenda kuelekea upande mmoja. Nendeni Kibirizi mtazame mitumbwi iliyotia nanga: kila mmoja unaelea kivyake, lakini upepo ukivuma pua zote zinatazama upande mmoja. Upepo wetu ni volti chache. Bila umeme, tabaka hili jembamba la mikromita chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita, limepangwa kama ngazi ya mzunguko, nalo linausokota mwanga robo duara, kwa hiyo unapita karatasi ya pili. Ukiweka volti, vijiti vinasimama, hakuna wa kuusokota, mwanga unagonga matete. Giza. Hakuna kilichosogea isipokuwa molekuli.

Sasa ondoeni tarakimu, wekeni taa ya gari nyuma yake na lenzi mbele yake. Mwaka 2017 kampuni ya taa ya Hella ya Ujerumani, pamoja na Porsche na washirika wengine, ilionyesha taa ya majaribio ya namna hiyo yenye pikseli, yaani vidirisha vidogo vya mwanga, 30,000. Kamera nyuma ya kioo cha mbele inaona taa za anayekuja, kompyuta inakokotoa yuko wapi, pikseli za eneo hilo zinafungwa na doa la giza linamfuata hadi mpishane. Wewe unaendelea na fulu yako pembeni, juu, kila mahali, isipokuwa usoni pake. Kwa nchi ya kulia au ya kushoto unabadilisha programu tu. Dereva wa Manyovu angebonyeza kitufe.

Ugumu uko kwenye joto. Karatasi ya kwanza inakula nusu ya mwanga, na mwanga ulioliwa hauendi mbinguni, unageuka joto palepale. Wahandisi hupunguza hasara hiyo kwa kuugawa mwanga kwa prizimu, kipande cha kioo kinachoutenganisha, ili nusu zote mbili zipate kazi. Lakini kumbukeni Reinitzer: ikizidi joto, fuwele inakuwa maji tu, mpangilio unakufa. Mmeshaona skrini ya zamani iliyoachwa juu ya dashibodi saa saba mchana, inapigwa weusi, ikipoa inarudi. Nyuma ya taa ya lori linalopanda mlima, karibu na rejeta, hilo si jambo la kupuuza.

Ziko njia nyingine, nitazipitia haraka. Kioo kinachobadilika rangi kwa umeme mnakipata kwenye madirisha ya Dreamliner za Air Tanzania, yale yasiyo na pazia: unabonyeza, dirisha linakuwa la bluu nzito polepole. Kwa abiria anayetaka kulala kinafaa. Kwa lori linalokuja kasi kimechelewa mno. Kingine ni plastiki yenye matone ya fuwele kimiminika ndani yake, bila umeme ni cheupe kama tui, ukikipa umeme kinakuwa kiangavu. Hicho hakizimi mwanga, kinautawanya. Chaweza kutumika kuipanua taa ukiwa mjini. Lakini muulizeni mhandisi swali la fundi: waya ukikatika, kinabaki katika hali gani? Taa inayokufa ikiwa imefungua fulu mimi siitaki.

Sokoni zimetangulia nyingine. Audi A8 ya mwaka 2013 ilikuja na LED 25 katika fulu ya kila taa, kila moja inazimwa peke yake. Mercedes ikafuata na vioo vidogo zaidi ya milioni moja ndani ya taa moja. Marekani iliruhusu taa za aina hii Februari 2022. Bado mimi naiona fuwele kimiminika ina nafasi, kwa sababu viwanda vya skrini vimeshajua kuitengeneza kwa bei ndogo.

Mtaniuliza, mwalimu, hayo yanatuhusu nini huku mwisho wa reli? Yanatuhusu kwa sababu gari la Audi la leo ndilo mtumba wa kesho. Litafika hapa na kamera iliyopasuka, kioo cha mbele kilichobadilishwa na fundi asiyejua kwamba kamera inapaswa kupangwa upya, na doa la giza litakaa pembeni ya lori badala ya kulifunika. Na barabara zetu zitaichanganya hata iliyo nzima. Lori chongo lenye taa moja, kamera inaweza kulidhani ni pikipiki. Baiskeli ya yule mzee wa mawese haina taa kabisa. Kamera inayotafuta taa haitaiona, ila angalau fulu itabaki inamwangazia, nami ningemwona mapema.

Nataka mtakaoyafungua magari hayo muwe ninyi, na muwe mnajua kilichomo ndani.

Giza sasa limeingia vizuri. Nje kuna pikapu mbili mita kumi kutoka kwenye ukuta wa karakana, na nimechora kwa chaki urefu wa taa zake kutoka chini. Kwa gari dogo la kawaida mstari wa dimu unapaswa kushuka kama sentimita kumi chini ya chaki ile. Moja ina H4 yake ya kiwandani, nyingine imechomekwa LED. Chukueni bisibisi, tutoke.