Joan Coromines na Safari Ndefu ya Kutafuta Asili ya Maneno

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa isimu na nyote mliofika: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kamusi za etimolojia, zinazoeleza asili ya maneno, za lugha za Kirumi, yaani lugha zilizozaliwa na Kilatini: Kihispania, Kifaransa, Kireno, Kiitalia na ndugu zao. Ningeweza kuanza na Mjerumani Friedrich Diez, aliyetoa kamusi yake mwaka 1853, nikashuka hadi kwa Wilhelm Meyer-Lübke. Lakini leo nataka tukae na mtu mmoja tu, Joan Coromines, Mkatalani, yaani mtu wa Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Hispania, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1905. Kwangu hakuna aliyeonyesha vizuri kumpita yeye kwamba asili ya neno haipatikani kwa kutafuta neno lingine linalofanana nalo. Ukitaka asili, sema neno limeonekana lini, wapi, na lilikuwa kinywani mwa nani.

Tazameni neno la Kihispania azúcar. Chimbuko lake ni Kiarabu, sukkar, lile lile lililotupa sisi sukari. Mbona basi Mhispania ana ile a mwanzoni nasi hatuna? Ni kwa sababu Wahispania waliishi karne nyingi na wasemaji wa Kiarabu, wakalipokea neno pamoja na kiambishi chake cha mwanzo, as-sukkar. Mwitaliano anasema zucchero, bila a. Neno moja, njia mbalimbali, na kila njia imeacha alama yake.

Au chukueni izquierdo, upande wa kushoto. Kilatini kilikuwa na sinister, na Kihispania kililirithi kama siniestro. Lakini kushoto kulihusishwa na mkosi, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Neno likaanza kuogopwa, na mahali pake pakachukuliwa na neno lenye undugu na ezker la Kibaski, lugha iliyokuwepo huko kabla ya Warumi kufika. Ndiyo maana Mreno anasema esquerdo na Mkatalani esquerre. Hapo Coromines hatoshelezwi na kusema "limetoka Kibaski". Anakupitisha kwenye hati za kale na lahaja za milimani, na kwa wataalamu waliomtangulia, ambao anabishana nao waziwazi, wakati mwingine kwa ukali. Kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloelezwa kamusini, kinaweza kuendelea kurasa kadhaa. Wapo wanaoona hilo ni kasoro ya kamusi. Mimi naliona ni heshima kwa msomaji, maana anaonyeshwa ushahidi wote akaamua mwenyewe.

Ujuzi huo hakuupata maktabani peke yake. Utafiti wake wa udaktari, akiwa kijana, ulihusu msamiati wa bonde la Aran, katika milima ya Pirenei, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambako watu husema lahaja ya Kioksitania, lugha ya kusini mwa Ufaransa. Tangu hapo hakuacha kupanda milima na kuuliza wachungaji na wazee majina ya mashamba, vijito na vilele. Jina Aran lenyewe linafungamana na neno la Kibaski haran, maana yake bonde. Kwa majina ya namna hiyo alijenga hoja kwamba lugha ya jamii ya Kibaski ilidumu katika mabonde ya Pirenei hadi ndani ya Zama za Kati. Hati zilinyamaza, majina ya mahali yakasema.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania. Jamhuri ya Hispania iliposhindwa mwaka 1939, Coromines alikimbia nchi. Baba yake, Pere Coromines, mwandishi na mwanasiasa, alifia Buenos Aires mwaka huo huo. Mwana akapata kazi ya ualimu Mendoza, Argentina, na kuanzia 1946 akafundisha Chuo Kikuu cha Chicago hadi 1967. Nyumbani, utawala wa dikteta Franco uliifukuza lugha yake, Kikatalani, shuleni na katika ofisi za serikali.

Kamusi yake kubwa ya Kihispania, juzuu nne, ilitoka kati ya 1954 na 1957, ikichapishwa Bern na Madrid. Baadaye, akisaidiwa na José Antonio Pascual, aliipanua ikawa juzuu sita. Kazi hiyo pekee ingemtosha mtu yeyote. Yeye, akiwa na umri wa miaka 75, ndipo alipoanza kutoa kamusi ya Kikatalani, lugha ya mama yake: juzuu tisa kati ya 1980 na 1991, na nyongeza baada ya kifo chake. Juu ya hiyo akaweka juzuu nane za majina ya mahali na watu, zilizokamilika mwaka 1997, mwaka aliofariki. Lugha ndogo, iliyokuwa imekatazwa, ikapewa nafasi kubwa kuliko lugha ya dola. Nikiwaza jambo hilo husisimka.

Hakuwa sahihi kila mahali. Maneno yasiyoelezeka aliyahusisha na lugha ya kale aliyoiita Kisorotaptiki, ya watu waliozika majivu ya wafu wao vyunguni, na wanaisimu wengi hawakumfuata. Perro, yaani mbwa, aliamini lilitokana na sauti ya wachungaji kuwaita mbwa, prrr. Hadi leo watu wanabishana.

Sasa nawageukia ninyi mnaosoma Kiswahili. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, aliandika lahaja na asili za maneno kwa umakini mkubwa, nasi bado hatujaichimba vya kutosha. Tunajua meza na bendera ni za Kireno, na tunaishia hapo. Je, ziliingia lini, kupitia bandari ipi, na ni lahaja gani iliyozipokea kwanza? Ziko barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kutunzwa Goa, India, penye nyaraka za Wareno. Anayesoma Kireno na hati ya Kiarabu, akaweza pia kukaa na wazee wa Pate na Siu, karibu na Lamu, anaweza kuanza kazi hiyo mwaka huu.

Karibuni kwa maswali.