Mbegu Zilizolala Kwenye Friji

ACHIENG: Karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya kupanda maua ya kukata. Salim, waeleze wasikilizaji kisa cha shangazi na friji.

SALIM: (Anacheka) Hujakisahau tu? Haya. Niliweka mbegu za lakspa, aina ya ua, kwenye friji, ndani ya karatasi yenye unyevu, kando ya maziwa. Shangazi katutembelea kutoka Mombasa. Asubuhi namkuta jikoni, unga wa mkate umeshaumuka, ananiuliza, "Mbona haba soda yenu imelowa?" Alidhani ni zile mbegu nyeusi za kutia kwenye mkate, alibakisha kuzinyunyiza tu!

ACHIENG: Na lakspa ni sumu.

SALIM: Sumu kabisa, mbegu zake hasa. Niliruka kama nimekanyaga siafu. Siku hizi naandika jina kwa kalamu nyekundu.

ACHIENG: Lakini friji ya nini?

SALIM: Lakspa hupenda baridi. Udongo ukipata joto, mbegu inalala tu. Naiweka wiki mbili kwenye friji, halafu naipanda mwezi wa saba, ule wa masweta.

ACHIENG: Mimi ua lililonitoa jasho ni ami, ile yenye vichwa vyeupe kama miavuli ya harusi. Miezi ikapita, majani tele, ua hata moja hakuna. Nikalaumu mbolea. Nikalaumu udongo wetu mweusi huku Embakasi, maana huo ukilowa unanata, ukikauka unapasuka.

SALIM: Kumbe?

ACHIENG: Kumbe ami inangoja siku ndefu! Pakiti yangu ilitoka Uingereza, na kule mwezi wa sita saa 3 usiku jua halijatua. Sisi hapa saa 1 jioni giza, Januari hadi Desemba. Wakulima wa maua ya kuuza nje huiwashia taa usiku. Nami nikaning'iniza balbu juu ya tuta. Jirani akaja kuuliza kama nimeanza kufuga vifaranga.

SALIM: Ikatoa maua?

ACHIENG: Ikatoa. Nikakata adhuhuri, mikono mitupu, jua la utosi. Usiombe. Utomvu wake ukipigwa na jua unababua ngozi. Nilitoka malengelenge hadi kwenye kiwiko. Sasa ni glavu, na ni alfajiri.

SALIM: Alfajiri ndiyo saa ya kukata maua yote, shina likiwa limejaa maji. Na majani ya chini yaondoe, yakizama yanaoza na maji yananuka.

ACHIENG: Na lile ua la naijela je?

SALIM: Hiyo ndiyo ndugu halisi wa haba soda. Mwaga mbegu pale pale itakapokaa, mzizi wake hautaki kuhamishwa. Maua hayadumu, ila vifuko vyake vya mbegu vikikauka ni vizuri ajabu. Nilivipeleka kwa muuza maua wa City Market, akavigeuzageuza, akasema nimletee mafungu ishirini kila Ijumaa.

ACHIENG: Unayo?

SALIM: Nina mashina saba.

ACHIENG: Ulipanda zote siku moja, sivyo?

SALIM: Zote.

ACHIENG: Gawa pakiti, ndugu yangu. Kidogo leo, kidogo baada ya wiki tatu, zisikomae zote kwa mpigo.